Mkono wa Kuume wa Shirika: Makanisa Mapya na Kanisa la Kale

Mwezi Juni 1913, wamisionari wa Kiprotestanti wa Afrika Mashariki walikutana katika kituo cha misheni ya Waskoti pale Thogoto, Kikuyu. Walikuwapo Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission. Walichokitafuta kinaeleweka: hawakutaka Mwafrika anayeongoka arithishwe magomvi ya Ulaya ambayo babu zake hawakuyaanzisha. Wakaandaa mpango wa shirikisho la misheni. Na walipomaliza kikao, ndani ya kanisa la Kipresbiteri, Askofu William Peel wa Mombasa akaadhimisha Meza ya Bwana kwa taratibu za Kianglikana, na wengi wasiokuwa Waanglikana wakasogea na kushiriki.

Habari zilipofika Zanzibar, Askofu Frank Weston aliwaka. Weston hakuwa mtu wa kubezwa. Kiswahili alikijua vizuri, aliishi karibu na watu wake, na mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali dhidi ya kazi za shuruti ambazo serikali ya Kiingereza iliwatwisha Waafrika. Sasa aliwashtaki maaskofu wenzake wawili, Peel na John Willis wa Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema wameeneza uzushi na kuleta mafarakano. Kwake yeye, kundi lisilo na maaskofu waliowekewa mikono na waliowatangulia, kurudi nyuma hadi kwa mitume, lina upungufu mkubwa mno, na mtu hawezi kushiriki nalo Meza kana kwamba hakuna kilichopungua. Majibu kutoka Uingereza yalikuja Pasaka ya 1915 na hayakumridhisha mtu: wageni wahubiri mkiwaalika, ila ibada za Meza za pamoja za namna ile zisirudiwe.

Kipimo cha Weston kilikuwa kimeshamgeukia yeye mwenyewe. Miaka 17 kabla ya Kikuyu, mwaka 1896, Papa Leo XIII alitangaza kwamba daraja takatifu za Waanglikana ni batili. Kwa hesabu ya Roma, Weston hakuwa askofu hata kidogo. Roma nayo haikusalimika. Tangu mfarakano wa 1054 Waorthodoksi wa Mashariki wanaidai maelezo, na tangu Mtaguso wa Kalkedoni wa 451 Wakopti wa Misri na Waethiopia wana meza yao. Ukitafuta kanisa ambalo hakuna Mkristo mwingine wa kale anayelitilia shaka, hulipati.

Leo swali limehama. Hakuna anayepoteza usingizi juu ya Mpresbiteri. Yeye sasa anahesabiwa miongoni mwa makanisa ya zamani. Tunauliza habari za kanisa lililosajiliwa mwaka juzi, lenye turubai, viti vya plastiki, spika mbili kubwa na mwanzilishi anayeitwa Mtume. Je, hilo nalo ni sehemu ya Kanisa lile tunalolikiri Jumapili, moja, takatifu, katoliki, la mitume?

Mitaani kuna majibu mawili, na yote mawili ni mepesi. La kwanza: "Kanisa lenu limeanzishwa na fulani mwaka fulani, letu limeanzishwa na Kristo." La pili: "Kanisa siyo historia wala majengo, Kanisa ni watu waliookoka, basi."

Anayejibu kwa umri ajiulize habari za Waario. Wavandali walioiteka Afrika Kaskazini karne ya 5 walikuwa Wakristo wa mafundisho ya Ario, padri wa Aleksandria aliyekana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba. Walikuwa na maaskofu, walikuwa na makanisa, na wangeweza kujitapa kwa zaidi ya miaka 100 ya historia. Na bado Wakatoliki wa Karthago waliokuwa wakiteswa nao hawakuwatambua kuwa warithi wa imani ya mitume, na walikuwa na haki. Miaka peke yake haikumfanya Ario kuwa sahihi.

Anayejibu kwa kuokoka peke yake naye ajiulize alimsikia Yesu kwa nani. Hakuna aliyeipokea Injili kutoka hewani. Hata Paulo, ambaye Kristo mwenyewe alimtokea njiani kwenda Dameski, anaandika katika Wagalatia sura ya 2 kwamba alipanda kwenda Yerusalemu kuwaeleza wale waliokuwa nguzo Injili anayoihubiri, asije akawa anapiga mbio bure. Mtu mwenye ufunuo wa moja kwa moja aliona lazima aupeleke mbele ya wenzake uangaliwe. Wakamsikiliza, wakampa yeye na Barnaba mkono wa kuume wa shirika.

Hapo ndipo ninaposimama. Kanisa ni la Kanisa kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: kile lilichopokea, na utayari wake wa kuulizwa na wenzake. Kwa jambo la kwanza, makanisa mengi mapya ni ya Kanisa kuliko yanavyojijua yenyewe. Kwa jambo la pili, mengi yana hali mbaya, na hatuwapendi ndugu zetu tukiwaficha hilo.

Jambo la kwanza lina historia ndefu, na sehemu yake kubwa ilitokea hapa hapa Afrika. Mwaka 251 padri mmoja wa Roma, Novasiano, alijitenga na kuanzisha kanisa lake. Alikuwa na hasira na waliomkana Kristo wakati wa mateso kisha wakasamehewa. Imani yake juu ya Utatu haikuwa na kasoro. Kwa maneno ya leo tungesema alianzisha dhehebu. Waumini wake wakaanza kurudi, na swali likazuka: wabatizwe? Sipriani, askofu wa Karthago, aliwakusanya maaskofu wa Afrika mwaka 256, nao wakakubaliana kwa sauti moja: ndiyo, wabatizwe, maana kule nje hawakupata kitu. Sipriani ndiye aliyesema hakuna wokovu nje ya Kanisa. Papa Stefano wa Roma akakataa: wawekewe mikono tu, kama ilivyokuwa desturi, kwani ubatizo wao ulikuwa ubatizo.

Sipriani alikuwa mtakatifu kwelikweli. Miaka miwili baadaye alikatwa kichwa kwa ajili ya imani yake. Lakini katika jambo hili Kanisa la Magharibi halikumfuata. Mtaguso wa Arles mwaka 314 uliwaelekeza Waafrika waache kubatiza upya: aliyebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu awekewe mikono, yatosha. Na Agostino wa Hipo, Mwafrika mwingine, alipokabiliana na Wadonati, kundi lililojitenga hapo Afrika na lililobatiza upya kila aliyetoka kwa Wakatoliki, alisema neno ambalo kwangu linamaliza mjadala: Petro akibatiza, anayebatiza ni Kristo, Yuda akibatiza, anayebatiza ni Kristo.

Tazama uzito wa neno hilo. Kama ubatizo ni wa Kristo, basi Mkatoliki au Mlutheri hana ruhusa ya kumtazama Mpentekoste aliyebatizwa Ziwa Victoria kwa jina la Utatu kana kwamba ni mtu wa nje. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikiri hivyo mwaka 1964: waliomwamini Kristo na kubatizwa ipasavyo wako katika ushirika na Kanisa Katoliki, ingawa ushirika huo haujakamilika. Waraka wa mwaka 2000 ulioidhinishwa na Papa Yohane Paulo II ulirudi na kusema jumuiya zisizo na uaskofu halali si makanisa kwa maana kamili. Wengi waliumia. Mimi naona nyaraka zote mbili zinashikana, ila ya pili inasemwa kwa sauti kubwa katika mahubiri na ya kwanza inanong'onwa.

Anayetaka kuona teolojia hii ikifanya kazi, aende ofisi ya parokia siku ambayo msichana wa Kilutheri kutoka Machame anataka kufunga ndoa na kijana Mkatoliki. Paroko hamuulizi kanisa lake lina umri gani. Anaomba cheti cha ubatizo. Anakikunjua mezani, anasoma jina la usharika, tarehe, jina la mchungaji, muhuri. Anataka kujua mambo mawili: maji yalitumika, na maneno yalikuwa ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Yakiwapo, hiyo ni ndoa ya mseto. Inaombewa ruhusa, na ikifungwa ni sakramenti kamili. Msichana angekuwa hana ubatizo huo, kingekuwa kizuizi chenye kuhitaji kuondolewa kwa kibali maalumu, na ndoa isingehesabiwa sakramenti. Karatasi ile ya Kilutheri, iliyogongwa muhuri na mtu ambaye Roma haimtambui kuwa padri, inabeba uzito ndani ya sheria ya Kanisa Katoliki. Waumini wetu wengi hawajawahi kuelezwa hivyo.

Kipimo hicho hicho kina makali yake. Mwaka 2001 Vatikano ilijibu kwamba ubatizo wa Wamormoni hauhesabiki, ingawa wanatamka Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kwa sababu wanachokielewa kwa majina hayo ni kitu kingine kabisa. Wanaobatiza kwa jina la Yesu tu kwa kuukana Utatu nao wamejiweka upande mwingine wa imani ya Nisea. Hiyo ni sawa. Mlango una kizingiti, na kizingiti chenyewe ni imani iliyokiriwa katika mitaguso ya Nisea na Konstantinopoli, mwaka 325 na 381. Umri wa usajili haumo.

Kuna urithi mwingine ambao makanisa mapya yanautumia kila siku bila kuuliza ulitoka wapi. Mchungaji anayesimama jukwaani na kusema "sisi hatufuati mapokeo ya wanadamu, tunafuata Biblia tu" ameshika mkononi orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya. Orodha hiyo kamili tunaikuta katika barua ya Pasaka ya mwaka 367 iliyoandikwa na Athanasi, askofu wa Aleksandria, kisha maaskofu wa Afrika waliokutana Karthago mwaka 397 wakaithibitisha. Ukurasa wa yaliyomo katika Biblia ni mapokeo. Na kama anahubiri kwa Kiswahili, huenda anasoma Union Version ya 1952, kazi iliyowaunganisha Waanglikana wa pande mbili, wa Mombasa na wa Zanzibar, pamoja na Walutheri, ili tuwe na Biblia moja badala ya ile ya Kimvita na ile ya Kiunguja. Kila anapotamka "Hapo mwanzo kulikuwako Neno" anatumia kinywa cha watu ambao pengine wiki iliyopita aliwaita wafu kiroho.

Wapentekoste wenyewe wana ushahidi wa jambo hili katika historia yao. Assemblies of God ilipoanzishwa Hot Springs, Arkansas, mwaka 1914, waanzilishi hawakutaka kanuni yoyote ya imani. Biblia itatosha, walisema. Mara wakazuka wahubiri miongoni mwao waliofundisha kwamba Baba, Mwana na Roho ni Yesu yule yule mmoja, na kwamba wote wabatizwe upya kwa jina lake peke yake. Nao walikuwa wakinukuu Biblia. Mwaka 1916 mkutano mkuu ukalazimika kuandika tamko la kweli za msingi na kuukiri Utatu kwa kirefu, na wachungaji wengi wakaondoka. Kanisa lenye umri wa miaka miwili, lililokataa kanuni za imani, lilijikuta linafanya kile walichofanya maaskofu wa Nisea, na likafika mahali pale pale. Kwa maoni yangu huo ni uthibitisho wa undugu ulio mzito kuliko cheti chochote. Waumini wa Tanzania Assemblies of God (TAG) hapa kwetu ni wa ukoo huo, na wanapaswa kujivunia mwaka ule.

Sasa nije kwenye jambo la pili, la kukubali kuulizwa. Kisa ambacho sijaona kingine kinachokifikia ni cha Mganda Reuben Spartas Mukasa.

Spartas alilelewa katika Uanglikana na akachoka kutawaliwa na wazungu ndani ya nyumba ya Mungu. Kupitia gazeti la wafuasi wa Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi, alisikia kuna Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika kule Marekani, linaloongozwa na George Alexander McGuire, mtu mweusi. Mwaka 1929 Spartas na mwenzake Obadiah Basajjakitalo wakatangaza kujitenga. Hadi hapo habari yake inafanana na ya waanzilishi wengine mia moja. Mwaka 1932 Daniel William Alexander, askofu wa kanisa hilo kutoka Afrika Kusini, akaja Uganda na kuwapa upadri.

Tatizo lilitokea kwenye beseni la maji. Mgiriki mmoja aliyeishi Kampala, mtu aliyekulia katika Uorthodoksi, alipoona jinsi Alexander alivyobatiza, aligundua kwamba ibada ile haikuwa ya Kiorthodoksi. Akamwambia Spartas. Nadhani wengi wetu tungekasirika. Mtu ameshajitenga, ana waumini, ana kanzu, ana jina. Kwa nini amsikilize mgeni mmoja? Spartas alisikiliza. Akawasiliana na padri Mgiriki, Nikodemos Sarikas, aliyekuwa akiwahudumia Wagiriki wa Tanganyika, na kupitia njia hiyo akaufikia Upatriaki wa Aleksandria, kiti cha Athanasi. Akauliza kama yeye na watu wake wanahesabika. Majibu hayakuja haraka. Vita Kuu ya Pili ikaingia kati. Mwaka 1942 Metropolita Nikolaos alitumwa kuja kuwatembelea na kuona kwa macho yake. Na mwaka 1946 Aleksandria ikawatambua rasmi, wao pamoja na ndugu zao wa Kenya waliokuwa wamepokea upadri kutoka kwa Alexander huyo huyo.

Kisa hiki kinafundisha jambo ambalo Weston hakuliona sawasawa. Alexander alikuwa na mlolongo wa mikono. Aliwekewa mikono na McGuire, na McGuire aliwekewa na Joseph René Vilatte, aliyewekewa Ceylon mwaka 1892 na askofu wa ukoo wa Kisiria. Kwa kuhesabu viganja, mlolongo ulikuwapo. Aleksandria haikuridhika, kwa sababu Vilatte alikuwa askofu wa kuzurura, asiye na kanisa lolote la kale lililosimama naye. Mikono bila ushirika ilikuwa mikono tu. Nawaomba wale wachungaji wetu wanaosafiri kwenda ng'ambo kununua uaskofu na kurudi na fimbo na kofia watafakari hilo.

Na Spartas hakuacha Uafrika wake mlangoni. Alitaka kanisa la Waafrika linaloongozwa na Waafrika, na alitaka liwe lile lile la Athanasi, naye hakuona kwa nini achague moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwekwa kuwa askofu, kama Theodoros Nankyama wa Uganda na Gathuna wa Kenya. Safari haikuwa laini. Kanisa la Kenya lilifungwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari, na baadaye Gathuna mwenyewe aligombana na Wagiriki na akavuliwa uaskofu. Hata hivyo leo Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania wapo, na seminari ya Riruta, Nairobi, iliyoasisiwa na Askofu Mkuu Makarios III wa Kupro alipokuja mwaka 1971, inaendelea kuwaandaa mapadri wao.

Ukiweka kisa hicho karibu na cha Simon Kimbangu, unaona uchungu wa upande mwingine. Kimbangu alikuwa Mbaptisti. Alihubiri Nkamba, Kongo ya Chini, kwa miezi michache tu mwaka 1921 kabla Wabelgiji hawajamkamata. Alihukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na akafia gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Miaka 30 gerezani kwa kosa la kuombea wagonjwa na kukusanya watu. Kanisa lake lilipokea mkono wa shirika mwaka 1969, lilipokubaliwa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kisha miaka ikapita, na mafundisho juu ya Kimbangu na wanawe watatu yakakua hadi ikawa vigumu kuyapatanisha na Utatu wa Nisea. Krismasi ikahamishiwa tarehe 25 Mei, siku ya kuzaliwa kwa mmoja wa wana hao. Mwaka 2021 Baraza likasitisha uanachama wao. Naliona hilo kuwa la haki, na bado linaniumiza, kwa sababu makanisa yanayodai historia yalikuwa wapi Kimbangu alipokuwa kifungoni? Mtu aliyeachwa peke yake kwa miaka 30, na wafuasi waliofukuzwa na kutawanywa kwa amri ya serikali, ungetegemea wajifunze kwa nani kujibu maswali?

Makanisa ya zamani lazima yakubali sehemu yao. Waafrika wengi walioanzisha makanisa hawakutoka kwa kupenda fujo. Walitoka kwa sababu walikaa miaka katika usharika wakihudumu bila kupewa neno, au walifiwa na mtoto na hakuna mzee wa kanisa aliyekuja, au waliombewa na walokole usiku ule ambao padri hakupatikana. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba kanisa lake halina historia, unamwambia jambo ambalo historia yenyewe ndiyo ilimfundisha kulidharau.

Lakini upande wa pili nao hauponi. Katika makanisa mengi mapya mwanzilishi hana wa kumuuliza. Yeye ndiye mtume, nabii, mwenyekiti wa bodi na mweka sahihi benki. Naibu wake ni mkewe na mrithi wake ni mwanawe. Ukimuuliza anakujibu, "Walipo wawili watatu kwa jina langu." Mstari huo ni Mathayo 18:20. Rudi nyuma mistari mitatu tu uone unazungumzia nini: ndugu akikosa na asisikie, "liambie kanisa". Ile ahadi ya wawili watatu imekaa ndani ya somo la kuonyana. Wameikata shina na kubaki na tawi.

Tumeona inakofika. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwamo watoto, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya kufuata mafundisho ya kufunga hadi kufa. Serikali ya Rwanda ilikuwa imeshafunga maelfu ya makanisa mwaka 2018 na kudai wahubiri wawe na elimu ya teolojia. Sipendi serikali ikipanga nani ahubiri. Ila inapoingia, mara nyingi inaingia mahali ambapo ndugu walipaswa kuwa na hawakuwapo. Msajili wa Jumuiya anaweza kukagua katiba na hesabu za fedha, hawezi kumwambia mtu, "Ndugu yangu, hili siyo fundisho la mitume." Hiyo ni kazi ya makanisa.

Ndiyo maana suala la kubatiza upya linanigusa kuliko mengine. Linaonekana dogo, la maji mengi na maji machache, lakini ndani yake mna hukumu. Mama wa Kimoravian wa Rungwe, aliyebatizwa, akasali, akalea watoto saba katika Injili, anapoambiwa na kanisa jipya la mjukuu wake kwamba lazima abatizwe "kwa kweli", ameambiwa kwamba maisha yale yote yalikuwa nje. Wanaofanya hivyo hutaja Matendo 19, ambapo Paulo aliwabatiza wanafunzi 12 pale Efeso. Wale walikuwa na ubatizo wa Yohana tu na hawakuwa wamesikia hata kwamba kuna Roho Mtakatifu. Sura moja nyuma yuko Apolo, mtu wa Aleksandria, naye akiujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na Luka hasemi popote kwamba walimbatiza upya. Walimpa mafundisho na barua ya utambulisho kwa ndugu wa Akaya.

Najua anayeshikilia ubatizo wa watu wazima atanijibu kwamba yeye habatizi upya, kwani ule wa utotoni haukuwa ubatizo. Ni hoja ya dhamiri na ina watu makini nyuma yake tangu karne ya 16. Sitaki kuipuuza. Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini mtu aliyebatizwa akiwa mtu mzima, kwa kuzamishwa, kwa jina la Utatu, akihama huduma moja ya kiroho kwenda nyingine katika mtaa ule ule anaingizwa tena majini. Hapo teolojia imeisha. Limebaki suala la nani ni mali ya nani.

Kuna hatua moja ambayo tungeweza kuichukua sasa. Mwaka 2007 makanisa 11 ya Ujerumani yalikusanyika katika kanisa kuu la Magdeburg na kutia sahihi tamko la kutambuliana ubatizo. Walikuwapo Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri, hata Waethiopia. Wabaptisti hawakutia sahihi, na hakuna aliyewalazimisha. Hapa kwetu Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Makanisa ya Kipentekoste wana jukwaa la pamoja. Mwaka 2015 waliweza kukaa meza moja na kutoa tamko zito kuhusu Katiba Inayopendekezwa. Walioweza kukubaliana juu ya katiba ya nchi hawawezi kukaa tena wakubaliane juu ya sentensi moja iliyotoka kinywani mwa Bwana wao?

Waanze na lile lisilo na ubishi: aliyebatizwa kwa imani yake mwenyewe, kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, katika kanisa lolote lililo ndani ya mabaraza hayo matatu, asibatizwe tena anapohama, na cheti chake kipokelewe bila maswali ya dharau. Suala la watoto wachanga walijadili baadaye, kwa miaka mingi ikibidi. Na kanisa jipya linalotaka cheti chake kitambuliwe litajikuta linaulizwa, pengine kwa mara ya kwanza tangu lisajiliwe: mnabatiza kwa maneno gani, mnaamini nini juu ya Yesu, na mchungaji wenu akikosea, nani anamwambia?